MREJESHO: Maswali ya Windows 7 kwenye kundi letu la msaada, Dodoma

Wakuu, salaam. Niliwauliza tuyafanyeje maswali ya programu zilizopitwa na wakati kwenye kundi letu la kusaidiana kompyuta hapa Dodoma, maana wasimamizi wenzangu walitaka yafutwe yote. Asanteni sana kwa michango.

Tumefuata ushauri wa kutofuta, ila kila muulizaji aanze kwa kutaja toleo la Windows analotumia. Asiyelijua anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, anaandika winver, anatutumia picha ya kinachotokea. Hapa mmetuokoa kweli. Ule ubishi wa "mbona kwangu hiyo sehemu haipo" umepungua sana. Majibu ya zamani tumeyaacha, tukaandika toleo na mwaka juu yake. Wa Windows 7 tunamweleza kwanza kwamba Microsoft waliacha kuihudumia Januari 14, 2020, na kwamba kivinjari cha Chrome kwake kinaishia toleo la 109, halafu ndiyo tunamsaidia.

Kuwahamishia hao wa Windows 7 kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kumegoma kwa wengi. Mwenye stationery mmoja wa Majengo alikubali, printa yake kuukuu ikakataa kuchapa huku wanafunzi wamepanga foleni na flashi mkononi. Tukamrudishia Windows 7, tukamsihi asifanyie mambo ya benki humo. Simlaumu, mashine ile ndiyo inayomlisha.

Sasa wanamiminika wa Windows 10, iliyofikia ukomo Oktoba 14, 2025. Hao tunawapokea kwa utaratibu huu huu.