Amepandikizwa figo, anarudi bweni, na kuna kijana anampenda

Shangazi_K: Habari zenu wapendwa. Binti wa miaka 18, kidato cha sita, amewekewa figo ya mama yake miezi minane iliyopita. Ili mwili usiikatae figo, anameza takrolimusi na mikofenoleti asubuhi na jioni, prednisoloni asubuhi. Mwezi ujao anarudi bweni. Uso umejaa na una chunusi, anajiona amebadilika. Kuna kijana wanapendana, na hajui amweleze nini. Dawa azipangeje shuleni? Na mapenzi yana hatari gani kwa figo?

Kliniki_Figo: Dada, shika saa kwanza. Takrolimusi inatakiwa kila baada ya saa 12, kwa hiyo kwa bweni saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kabla ya prepo, ndiyo rahisi. Simu haziruhusiwi shule nyingi, mnunulieni saa ya mkononi yenye kengele. Dawa za akiba za wiki mbili ziwe kwa matroni, zisikae zote kwenye tranka moja. Akichelewa kidogo, ameze. Ukikaribia muda wa dozi inayofuata, asimeze mbili kwa pamoja. Siku ya kupima kiwango cha dawa, dozi ya asubuhi aende nayo mkononi, aimeze baada ya kutolewa damu, la sivyo majibu yatadanganya.

Kinachoharibu zaidi shuleni ni dawa za zahanati. Tumbo la hedhi likiuma atapewa diklofenaki au ibuprofeni, na zote zinaumiza figo, ameze parasetamoli. Erithromaisini (ya bakteria) na flukonazoli (ya fangasi) zinapandisha takrolimusi kwenye damu, rifampisini (ya kifua kikuu) inaishusha. Balungi aache kabisa. Akiharisha siku mbili, apelekwe kupima, maana kuharisha nako kunaweza kupandisha kiwango hicho.

Dada_Nesi: Kuhusu uso: ni prednisoloni, na hupungua daktari anaposhusha dozi. Hapa ndipo mabinti wengi wanapoteleza, wanaruka vidonge kimyakimya ili uso urudi. Mwili ukianza kukataa figo, mara nyingi haumi popote. Kreatinini, uchafu wa damu unaoonyesha figo inavyofanya kazi, inapanda kwanza, yeye anajiona mzima. Mwambieni hivyo waziwazi, bila kumtisha. Apunguze chumvi, na mkorogo asipake.

Kijana hana haki ya kujua yote siku ya kwanza. Inatosha kusema, "Niliumwa figo, nikawekewa nyingine, nameza dawa kila siku." Kovu na mengine, wakati wake ukifika, na awe ameamua mwenyewe.

Kliniki_Figo: Hili la mikofenoleti msilionee aibu. Dawa hiyo husababisha mimba kuharibika, na mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro za masikio au mdomo. Kama wataanza kukutana kimwili, daktari ajue kabla. Kondomu ni kwa maambukizi, lakini peke yake haitoshi kuzuia mimba, aongeze njia nyingine. Vidonge vyenye estrojeni vinaweza kupandisha presha, asijinunulie duka la dawa. Kuzaa siyo mwiko: kwa kawaida husubiriwa angalau mwaka mmoja figo ikiwa imetulia, mikofenoleti inaachwa wiki sita kabla ya kutafuta mimba na kubadilishwa na dawa nyingine, azathioprini. Yote hayo yapangwe na daktari.

Busu halijakatazwa. Ila virusi vya CMV na EBV hupita kwenye mate, kwa hiyo mwenye homa au vidonda mdomoni asubiri apone, na mswaki wasishirikiane. Angalieni pia kama alichanjwa HPV, virusi vya saratani ya shingo ya kizazi. Siyo chanjo yenye virusi hai, kwa hiyo anaruhusiwa, na dozi moja ya shuleni huenda isimtoshe kwa sababu ya dawa zake.

Shangazi_K: Ahsanteni sana. Netiboli je?

Dada_Nesi: Daktari wake akiridhia, acheze. Figo mpya iko chini ya tumbo upande wa nyonga, haina mbavu za kuikinga, kwa hiyo aepuke michezo ya kugongana. Homa ikifika 38, mkojo ukipungua, au pale kwenye figo pakiuma, asisubiri Jumatatu, apelekwe siku hiyo hiyo.