Pwani ya mzimu wetu inapimwa, nami niko Moshi. Nianzie wapi?

Bi Uduvi, Moshi
Wadau, habari za usiku. Nauza uduvi na samaki wakavu soko la Mbuyuni, mwaka wa kumi na moja sasa, ila kitovu changu kimezikwa pwani, kusini ya Pangani. Juzi kaka kanipigia: dalali na vijana wawili wamepima kuanzia dikoni, ngalawa zinapofikia, hadi kwenye mbuyu wa mzimu, mawe wakayapaka rangi nyekundu. Ekari 12. Ati hoteli, na ati kijiji kimesharidhia. Kimeridhia lini? Mkutano haukuitishwa. Kuna karatasi tu, ina sahihi za watu sita.

Kwa msiopajua, pale hakuna jengo hata moja. Kuna ngalawa tisa, madema yameanikwa, na chini ya mbuyu vitambaa vyeupe na vyekundu, kigae cha kufukizia ubani, na senti za zamani ambazo hakuna mtoto anayethubutu kuziokota. Bibi alinipeleka nilipokuwa na mimba ya kwanza. Simlazimishi mtu aamini. Lakini nyuma ya mbuyu ndipo njia ya kushukia mwambani. Bamvua likipwa, wanawake wote tunapita hapo kwenda kuchokoa pweza. Shangazi yangu, kijiji cha pili, walijengewa ukuta. Siku hizi anazunguka na ndoo yake, akifika maji yameshaanza kujaa.

Kaka anasema tutafute wakili. Pesa ya wakili sina, nina magunia matatu ya uduvi.

Kijana wa Majengo
Pole dada, ila mbuyu haulishi mtu. Hoteli ikija, wadogo zako watapata kazi. Mnataka wavue mpaka lini?

Kamba ya Futi, Arusha
Nimeshika vifaa vya upimaji miaka mingi, kwa hiyo sikiliza, dada. Rangi kwenye jiwe si hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 8, inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, si watu sita. Na kama huyo mwekezaji si raia, hawezi kuuziwa pwani kama anavyouziwa kanga. Ardhi ya kijiji lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla, na eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ekari 12 hazifiki hata hekta 5.

Kaka yako aende ofisi ya kijiji na mtu wa pili wa kushuhudia, aombe muhtasari wa huo mkutano. Wakimzungusha, apeleke barua wilayani, nakala abaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri usiusahau! Nimeona kesi nzuri zikifa kwa sababu ya nakala isiyo na muhuri.

Halafu kuna mita 60 za ufukwe. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, haitaki ujenzi wa kudumu humo. Mbuyu uko umbali gani na maji?

Mzee wa Masale, Kibosho
Mwanangu, huku kwetu kihamba, yaani shamba la ukoo, chenye kaburi la babu hakiuzwi, na masale, mimea tunayopanda mpakani, yanaonyesha mpaka bila karatasi. Lakini nimeona masale yaking'olewa usiku. Andikisheni.

Mdigo wa Diani
Kwetu Kenya tuna Kaya Kinondo, msitu wa wazee ulio karibu kabisa na bahari, na pande zote ni mahoteli. Ulitangazwa kuwa turathi ya taifa 1992, na 2008 UNESCO ikauorodhesha pamoja na kaya nyingine, misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Mgeni haingii mpaka afungwe kaniki kiunoni, na kiingilio analipa. Huyo Kijana wa Majengo asome hapo: vijana wanaoongoza wageni ni wetu, na miti imebaki. Lamu nako leseni ya kinu cha umeme wa makaa ya mawe ilifutwa na baraza la kesi za mazingira Juni 2019, na sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Msing'ang'anie habari ya mizimu peke yake. Ulizeni nani aliulizwa.

Bi Uduvi, Moshi
Mzee, shikamoo, na ahsante. Kamba ya Futi, kaka kapima kwa hatua maana futi hana: kutoka alama ya maji makuu hadi shinani hatua 41. Kwa hiyo mbuyu umo ndani ya hizo mita 60, na njia yetu pia.

Muhtasari kaombwa leo asubuhi. Mtendaji kasema kabati limefungwa na ufunguo uko Tanga. Barua naiandika usiku huu.

Kijana wa Majengo, hao wadogo zangu unaowasema ndio waliosomeshwa kwa pweza. Mmoja anafundisha hapo hapo Majengo, huenda mwanao yuko darasani kwake.

Ijumaa napanda basi. Magunia mawili nimemwachia jirani auze, la tatu naenda nalo, maana huwezi kuita mkutano pwani watu wakae na njaa.