Haleluya ya Handel: kwaya zetu ziige rekodi ipi?

Wakuu, mazoezi ya Pasaka yameanza na ubishi umerudi. Walimu wengi wa kwaya hapa Dar wanashikilia kwamba Haleluya yenyewe, wimbo wa mtunzi Handel kutoka kazi yake ndefu iitwayo Messiah, ni ile ya okestra kubwa na umati wa waimbaji, na kwamba hizi rekodi za ala za kale ni nyepesi, hazina upako. Napinga, na naomba tubishane kwa kusikiliza.

Chukueni rekodi ya kondakta Thomas Beecham ya 1959. Humo mtunzi Eugene Goossens aliandika upya sehemu za okestra, akatia hadi matoazi. Inasisimua, sikatai. Lakini Handel alifariki 1759, na matoazi yale hakuyaandika yeye.

Sasa wekeni ya kondakta Christopher Hogwood iliyotoka 1980. Kwaya ni ndogo, sauti ya kwanza (soprano) wanaimba wavulana, na ala ni za aina ya zama za Handel. Nendeni moja kwa moja hadi "Naye atatawala milele na milele". Besi wanaanza peke yao, wanafuata sauti ya tatu (tena), kisha ya pili (alto), mwisho ya kwanza. Ujumbe ni uleule, unapokezanwa. Kwa Hogwood nasikia kila kundi linavyoingia na neno lake. Kwa Beecham, ya kwanza ikishaingia, besi wangu wamezama kwenye mngurumo, na mimi kifungu hicho ndicho kinachonifanya niupende wimbo huu.

Tena Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, Messiah ilipoimbwa hadharani mara ya kwanza, kwaya ilikuwa ya wanaume na wavulana wa makanisa makuu mawili ya mji ule, makumi tu ya watu. Maelfu ya waimbaji walikuja karne iliyofuata, kwenye matamasha ya jumba la Crystal Palace, London. Kwa hiyo kwaya ya watu thelathini pale Sinza au Temeke isijione pungufu.

Najua jibu la walimu: makanisa yetu ni mapana, feni zinavuma, nje bodaboda zinapita, sauti ndogo itapotea. Hoja ina uzito. Ila kinachopotea kwanza ni maneno, na maneno hayarudi kwa kuongeza watu wala kwa kupandisha kinanda kwenye spika. Yanarudi waimbaji wakitamka pamoja na kukata pamoja.

Halafu kuna ule ukimya kabla ya Haleluya ya mwisho. Wapiga kinanda wetu wengi wanaujaza mbwembwe, wengine wanasindikiza na ngoma kabisa. Handel aliandika pumziko pale, kwa sauti zote na ala zote. Tuliacheni.

Anayetetea okestra kubwa aje na rekodi yake, ataje na dakika ya kusikiliza, tulinganishe kifungu kwa kifungu.