Semina ya vifaa vya uvuvi hapa Kigoma: wametula elfu 15 zetu, wametula na usiku mzima wa giza

Wakuu habari za saa hizi. Nimekaa siku nne najizuia kuandika nikasema labda hasira zitashuka, hazijashuka, na leo asubuhi ndo zimepanda kabisa baada ya kuipima ile nailoni niliyonunua kwao. Mnivumilie, nitaandika kirefu.

Mi ni mvuvi wa mshipi, yaani nailoni na ndoano, nashushia mwalo wa Katonga hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika. Sio mtu wa nyavu, iwe kipe au jarife, nina mtumbwi wangu na kijana mmoja wa kunisaidia, usiku tunawasha taa za sola dagaa wanakuja kwenye mwanga, migebuka wanakuja kula dagaa, na sisi tunawasubiri migebuka na ndoano zetu. Hiyo kazi ndo imesomesha watoto wangu wawili, sina nyingine.

Wiki kama mbili nyuma ikapita bajaji yenye spika inatangaza, Ujiji, Katonga, mpaka Kibirizi huko, kwamba kampuni ya vifaa vya uvuvi (jina naliacha, walioenda wanawajua) inaleta MAFUNZO kwa wavuvi wa mshipi. Neno lilikuwa mafunzo, nalirudia maana ndo lililonitoa nyumbani. Kuchagua nailoni, kuchagua ndoano, kutunza vifaa, kuvua sangala wakubwa, kiingilio elfu 15, unapata chakula, cheti na rola moja ya nailoni bure. Nikapiga hesabu, rola peke yake inarudisha hela yangu, na mi napenda kujifunza, nikalipa.

Sasa kosa la kwanza ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote na wengi wenu wa mjini mnaweza msilione. Waliiweka Jumamosi saa mbili asubuhi, KATIKATI YA GIZA. Mtu yeyote aliyekaa mwaloni, pale tunaposhushia samaki, hata wiki moja anajua sisi tunafanya kazi siku za giza, mbalamwezi ikiwaka taa zetu hazina kazi, dagaa wanatawanyika, tunapumzika, tunashona nyavu, tunapaka mitumbwi lami, tunaenda kwenye harusi na misiba. Mwezi mzima una siku zake za kutuita, hao wakatuita siku ambazo mvuvi hana nafasi hata ya kuumwa. Kuwahi saa mbili maana yake Ijumaa usiku hukwenda ziwani, kwa sababu ukienda unarudi alfajiri, unauza, mpaka umemalizana na akina mama wanaonunua ni saa tatu hiyo. Kwa hiyo kabla hata sijakaa kwenye kiti nilishapoteza usiku mmoja, na kijana wangu naye kapoteza, yeye hata semina hakwenda. Kuna jamaa walitoka Mwamgongo, wamepanda boti juzi yake, wamelala Kibirizi kwa ndugu, nauli kwenda na kurudi, mweke hapo na elfu 15.

Tumefika ukumbini Mwanga saa mbili kasoro. Ukumbi umefungwa. Saa tatu ukafunguliwa, wakaanza kufunga mabango, saa nne wanahangaika na projekta, muziki umewekwa mkubwa mpaka huwezi kuongea na jirani yako. Saa nne na nusu ndo jamaa kashika maiki. Na neno la kwanza sio samahani, neno la kwanza ni "Kigoma mpoooo". Wazee wa miaka sitini na kitu wamekaa masaa mawili na nusu wanaangalia ukuta.

Haya, mafunzo yenyewe. Wakuu nawaambia ukweli, yule kijana wa maiki hajui ziwa letu, na kutojua sio dhambi, dhambi ni kuja kufundisha usichokijua tena kwa hela zetu. Ameanza kusifia ndoano zao kwamba hazishiki kutu kwenye maji ya chumvi. Maji ya chumvi! Ukumbi mzima ukanyamaza. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, tunayanywa, tunapikia. Ni wazi zile picha alizoonyesha zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa pwani wakazileta hivyohivyo bila kubadili hata neno. Halafu kila saa anasema sangara, sangara, anaonyesha picha za sangara wa Ziwa Victoria. Wa kwetu ni sangala, ni jamii moja lakini sio samaki yuleyule, na mgebuka naye ni wa jamii hiyohiyo, na mgebuka ndo anatulisha sisi wa mshipi hapa. Sikusikia neno mgebuka hata mara moja. Na samaki wetu wengine, kuhe je? Hakuna. Singa? Hakuna.

Kubwa zaidi ni hili. Akasema ziwa lenu lina kina cha mita 1,470 (hapo sawa, ni kweli), sasa samaki wakubwa wamejificha huko chini kwa sababu nailoni zenu ni fupi, nunueni rola zetu mbili mbili muunganishe mfike mita 500. Jamani. Ziwa hili huko chini halina hewa, hiyo kitu inajulikana miaka mingi, wataalamu wanaeleza na sisi wenyewe mishipi yetu inatuambia, hewa inaishia kwenye mita mia hivi, ukienda kusini ndo inaweza kufika mia mbili na kitu. Chini ya hapo samaki haishi, ni maji yaliyokufa. Mita 500 utavua nini? Sasa kuna vijana mle wametoka kuanza hii kazi, wamenunua rola mbili mbili kweli, nimewaona kwa macho yangu wanatoa hela.

Hapo ndo akasimama mzee mmoja. Simtaji jina, ni mzee wetu wa mwaloni, amevua tangu enzi za karabai, mikono yake ukiishika ni kama gome la mti, kidole cha shahada kina mfereji ambao mshipi umeuchimba miaka yote hiyo. Alikuwa ameshika pakiti mbili za ndoano zilizopitishwa tuzione. Akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii pakiti imeandikwa 6 na hii imeandikwa 6/0, wewe umetuambia ni saizi moja, mbona naona hazifanani?"

Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Maana kwa wasiojua, namba za ndoano zina pande mbili. Hizi za kawaida namba ikipanda ndoano inapungua, yaani 10 ni ndogo kuliko 8, na 8 ni ndogo kuliko 6, inashuka hivyo mpaka 1. Ukivuka hapo ndo zinaanza zile zenye mkwaju na sifuri, 1/0, 2/0, na hizo namba ikipanda ndoano inakua. Kwa hiyo 6 ni kidoano kidogo na 6/0 ni lindoano la samaki mkubwa, ukimpelekea mgebuka 6/0 hana hata habari nayo. Mvuvi akinunua pakiti ya 6/0 akidhani ni 6 hela yake imekwenda na maji. Hiyo ndo elimu tuliyoifuata pale!

Jamaa akafanya nini? Hata hakuzitazama zile pakiti. Akasema kwenye maiki, "Mzee wangu hayo mambo ya namba yasikuumize kichwa, we chukua ndoano kavue, maswali mwishoni." Na wale wasichana wao waliovaa fulana za kampuni wakacheka. Mzee akakaa. Aliziweka zile pakiti mbili juu ya goti akawa anaziangalia tu, moja huku moja huku, na hakufungua mdomo tena mpaka tunatoka. Mi nilikuwa nyuma yake, niliumia mpaka koo likakaza. Sisi hapa mtu wa umri ule hata ukiwa na haraka unasimama, unasema shikamoo, unamsikiliza amalize. Amevua miaka mingi kuliko umri wa yule kijana na kampuni yake. Na hiyo "mwishoni" haikuja, muda wa maswali haukuwepo, mwishoni kulikuwa na meza ya kuuzia.

Chakula sitakaa nacho sana. Pilau liliisha kabla ya watu kama thelathini hawajapata, wakapewa soda. Vyeti vilikuwa havina majina, wakasema mkajaze wenyewe kwa peni. Hiyo tupite.

Rola ya bure. Hapa tumefanywa watoto. Ilivyofika zamu ya kugawa tukapewa kikaratasi kwamba unapata punguzo la elfu 5 UKINUNUA rola ya elfu 28. Watu wakaanza kulalamika, tangazo lilisema bure, dada mmoja wa mezani anajibu "bure ni punguzo". Mi niliondoka mpaka mlangoni nikarudi. Nikasema nimeshapoteza usiku, nimeshatoa elfu 15, angalau nisiondoke mikono mitupu, ile nailoni kwa macho ilionekana nzuri na rola limeandikwa unene milimita 0.60 nguvu kilo 35. Nikatoa elfu 23. Ndo ninachojutia.

Kwa sababu ukiisoma vizuri ile lebo inakushtua. Nailoni ya kawaida ya 0.60 nimeitumia miaka, inacheza kwenye kilo 20 hivi, kilo 35 unaipata kwenye 0.80. Nikajipa moyo labda ni teknolojia mpya kama walivyosema. Jana usiku nikakata kipande cha pima mbili nikakiloweka kwenye beseni mpaka asubuhi, maana nailoni ikinywa maji inalegea na sisi hatuvui kwenye ukavu. Asubuhi nikafunga ndoano kwa fundo langu lilelile nalofunga siku zote, nikalilowesha na mate kabla ya kukaza lisiungue, nikanasa ndoano kwenye mpini wa ndoo ya lita 20 juu ya boriti la jikoni, nikawa naongeza maji kwa kopo. Nusu ndoo sawa. Robo tatu nailoni ikaanza kuvutika, unaona kabisa imekuwa nyembamba na nyeupe karibu na fundo. Kabla ndoo haijajaa, pap! Ndoo chini, maji jikoni kote, mama watoto katoka mbio akidhani nimeanguka.

Nikarudia mara mbili kwa vipande vingine. Hakuna kilichobeba ndoo iliyojaa. Sasa najua fundo linapunguza nguvu, najua kuloa kunapunguza nguvu, sio mjinga wa hii kazi, lakini kutoka 35 kuja chini ya 20 hapana. Nikachukua kipande cha nailoni yangu ya zamani ya 0.60, ya duka la Ujiji tu, haina semina wala bango, nayo niliiloweka usiku uleule. Imebeba ndoo imejaa, ikaning'inia mpaka nilipomaliza chai.

Sasa fikiria ningeenda nayo ziwani. Amenasa sangala wa kilo 15 usiku, anavuta, nailoni inakatika, samaki kaondoka na ndoano na chubwi (kile kizito cha kuzamishia) na sehemu ya mshipi. Hiyo ni ada ya mtoto imezama. Hawa watu wanaandika 35 kwenye karatasi kama wanaandika bei ya nyanya.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba tunahitaji mafunzo kweli. 2024 ziwa lilifungwa tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wazaliane, miezi mitatu mialo imenyamaza, watu walikuwa na muda na hamu ya kufundishwa chochote. Kuna vijana hawajui kufunga fundo la nailoni ya kusuka, ile ukiifunga kama ya kawaida inateleza inafunguka yenyewe. Wengine wanaacha rola juani kutwa nzima halafu wanashangaa inakatika. Njoo uwafundishe hayo, tutalipa hata elfu 20 na vifaa vyako tutanunua bila kulazimishwa.

Wale jamaa najua mnapita humu, ninachotaka ni hiki. Rudisheni elfu 15 kwa kila aliyeahidiwa rola ya bure akapewa karatasi. Pokeeni rola za 0.60 mrudishe hela. Waambieni wale vijana kwamba habari ya mita 500 haikuwa kweli. Na yule mzee mfuateni mwaloni mumjibu swali lake mbele ya watu, kama mlivyomnyamazisha mbele ya watu. Mkija njooni mbalamwezi, mtumbwi wangu upo, tutakaa, tutaloweka nailoni yenu pamoja na ndoo nitaleta mimi.

Na kwa wenzangu mlionunua, msiende nayo ziwani kabla hamjailoweka usiku kucha na kuipima. Pigeni picha lebo, risiti msitupe, ambaye hakupewa risiti aandike hapa na tarehe. Kuna yeyote wa Kibirizi au Mwamgongo ameshaipima? Imekatikia kwenye kilo ngapi?