Msimamizi wa mirathi Marekani: ni kweli serikali hulipwa kwanza?

NyumbaniMbali: Wakuu, naombeni ushauri. Kaka yangu amefariki huku Marekani na mahakama imenipa kusimamia mirathi. Alichoacha hakitoshi madeni. Watu wa kodi ya shirikisho wanasema walipwe wao kwanza. Serikali inaruhusiwa kuruka foleni?

WakiliKijiweni: Pole sana mkuu. Inaruhusiwa, tangu zamani. Sheria ya 1797 ilisema anayedaiwa na serikali akifilisika, au akifa mali isitoshe, serikali itangulie. Katika kesi ya United States v. Fisher, 1805, akina Fisher, waliosimamia mali ya mfilisika mmoja, wakabisha kwamba inawahusu watoza ushuru na wenzao tu. Jaji Mkuu John Marshall akasema inamhusu kila mdaiwa, na Bunge lina haki ya kuchagua njia ya kulinda fedha za serikali. Umeshalipa mtu yeyote?

MamaVitumbua: Msiba wa mume wangu, mwenye duka alikuja na daftari la unga, akalifungua kwenye mkeka watu wakisoma Yasini. Nilimlipa aondoke.

NyumbaniMbali: Nimelipia kusafirisha mwili tu.

WakiliKijiweni: Mazishi kwa kawaida hayana neno. Zaidi ya hapo?

NyumbaniMbali: Na mtu mmoja aliyemkopesha kwa nia njema.

Zumari: Mtu gani?

NyumbaniMbali: Mimi. Shemeji nilimkopesha kwa jasho langu, na watoto wangu wanadaiwa ada. Nisijilipe?

WakiliKijiweni: Barua ya kodi ilifika lini?

NyumbaniMbali: Kabla. Ila sikuisoma yote.

WakiliKijiweni: Aisee. Msimamizi akilipa wengine huku anajua serikali inadai, anabanwa yeye binafsi kwa kiasi alicholipa. Marshall alisema mauzo halali ya mdaiwa hayafutwi, kwa kuwa sheria hii si rehani. Lakini wewe umejilipa mwenyewe mdaiwa akiwa kaburini. Tafuta wakili wa huko haraka.

UstadhMtandao: Deni la maiti ni amana, ndugu. Mwogope Mungu.

Mchokozi: Ngojeni kwanza. Juu kaka, chini shemeji, na akaunti imefunguliwa leo. Hii chai! Mwanafunzi wa sheria huyu, mnamfanyia asaimenti.

NyumbaniMbali: Kwetu shemeji ni kaka. Kama huamini, pita.

Zumari: Chai tunywe tu. Fisher aliambulia chochote?

WakiliKijiweni: Upande wake ulishinda mahakama ya chini, kwa Jaji Bushrod Washington, mpwa wa rais wa kwanza. Mahakama ya Juu ya Marekani ikapindua.

NyumbaniMbali: Sasa nikirudisha nusu, si wataelewa?