Ushauri: kinyama kimesoma HER2 2+, daktari anataka kemo kabla ya kukata titi

Binti_Bahi
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoijua saratani ya matiti. Mama mdogo ana miaka 46, bado anaona siku zake, anatokea Bahi na anatibiwa hapa Dodoma mjini. Ana uvimbe wa sentimita 4 titi la kushoto, na matezi ya kwapani yameshikamana. Majibu ya kinyama (kipande kilichotolewa kwenye uvimbe kikapimwe): saratani ya mirija ya maziwa iliyokwisha kupenya nje ya mirija, daraja la 2 (yaani inakua kwa kasi ya wastani), ER chanya, PR chanya (inachochewa na homoni za kike), HER2 2+. Daktari anataka aanze kemo, kukata baadaye. Wajomba wanasema titi litolewe wiki hii, kemo ni kupoteza muda. Tushike lipi? Na hiyo 2+ maana yake nini?

Hadubini
Pole sana, mdogo wangu. Nianze na HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani kukua, maana hapo ndipo wengi hupitiliza. Kipimo hicho husomwa 0, 1+, 2+ au 3+. Mbili za mwanzo huhesabiwa hasi, 3+ ni chanya. 2+ bado si jibu. Inatakiwa FISH, kipimo kinachohesabu nakala za jeni yenyewe, na kwa kawaida hachomwi tena. Kinyama chake kimehifadhiwa maabara ndani ya kibonge cha nta. Muombe daktari aandike barua ya kukichukua, uende nacho kwenye maabara inayopima FISH pamoja na nakala ya ripoti yenye namba ya maabara. Njiani kifunge vizuri na usikiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Nta ikiyeyuka kinyama kinaharibika.

Kwa nini mhangaike? HER2 ikitoka chanya anaongezewa trastuzumabu, dawa inayoilenga HER2 yenyewe, kila wiki 3 kwa mwaka mzima, na inapunguza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi. Ikitoka hasi haimsaidii. Ni dawa ghali na inaweza kudhoofisha moyo, hivyo haitolewi kwa kubahatisha.

Dada_Makole
Binti, daktari yuko sahihi, na wajomba waelezwe kwa upole kwa sababu hofu yao inaeleweka. Matezi yakishikamana, ugonjwa uko hatua ya 3. Ukikata leo, daktari wa upasuaji atahangaika kupata kingo safi (pembezoni pasipobaki saratani), kidonda kinaweza kuchelewa kupona, na kemo itasubiri wakati chembe zilizotawanyika zinaendelea kukua. Kemo ikitangulia uvimbe hunywea, na mnaona kwa macho kama dawa inafanya kazi. Kabla ya dozi ya kwanza ombeni uvimbe uwekewe alama au angalau upigwe picha na kupimwa kwa rula, kwa sababu unaweza kunywea hadi daktari wa upasuaji asijue ulipokuwa.

Kabla ya kuanza apimwe kifua, ini kwa utrasaundi au sitiskani, wingi wa damu, figo, homa ya ini B, VVU, ujauzito, na eko ya moyo (utrasaundi ya moyo). Homa ya ini B isipojulikana mapema inaweza kulipuka katikati ya kemo.

Mpango unaotumika sana ni doksorubisini na saiklofosfamidi kila siku 21 mara 4, kisha paklitakseli kila wiki mara 12. Doksorubisini ni nyekundu, na mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili si damu. Ila dripu ikichoma au mkono ukivimba wakati inaingia, aseme papo hapo isimamishwe. Ikivuja nje ya mshipa inaozesha nyama.

Msafiri_SGR
Nunueni kipimajoto leo hii. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, chembe nyeupe za damu hushuka sana. Joto likifika 38 ni kwenda hospitali usiku huohuo, si kusubiri kuche. Asimeze panadoli kwanza, inaficha homa. Kwa mtu wa Bahi mpange mapema nani ana gari.

Binti_Bahi
Asanteni sana. Kuna jirani anamletea majani ya mstafeli achemshe anywe. Na mionzi ataihitaji kama titi linatolewa lote?

Dada_Makole
Mstafeli aache, hasa wakati wa kemo. Ini ndilo linalosafisha dawa hizi, na likichoka kwa mchanganyiko huo dozi itaahirishwa. Mkatazeni jirani kwa adabu, anampenda tu.

Mionzi ndiyo, hata titi likitolewa lote, kwa sababu ya hayo matezi. Upasuaji hufanyika wiki 3 hadi 6 baada ya kemo ya mwisho, kisha mionzi. Mkipelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ratiba inayotumika sana ni vipindi 15, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 3. Nauli ya treni ndiyo ndogo. Kinachokwamisha watu ni mahali pa kulala Dar. Onaneni na ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya rufaa, si baada. Na mazoezi ya mkono yaanze mapema baada ya upasuaji: asipoweza kuinua mkono juu ya kichwa, hataweza kulazwa sawasawa kwenye mashine ya mionzi.

Hadubini
Nyongeza moja. ER chanya maana yake tamoksifeni, kidonge kinachozuia homoni kuichochea saratani, miligramu 20 kila siku, miaka 5 na mara nyingine hadi 10, ikianza kemo ikiisha. Kwa hatua ya 3 na umri wake, ulizeni pia kuhusu kuzima ovari (kuzifanya zisitoe homoni). Asipate ujauzito akiitumia. Mguu mmoja ukivimba, au damu ikitoka ukeni baada ya hedhi kukoma, arudi kliniki haraka. Akiandikiwa fluoksetini au paroksetini kwa ajili ya msongo, amwambie daktari, zinapunguza nguvu ya tamoksifeni. Na vidonge vikibaki vya wiki 2, mwende kuchukua vingine. Wengi huacha dawa kwa sababu tu kopo limeisha na anajisikia mzima.