Wakala kaniambia "ukishapanda Kili hapa ni matembezi tu". Nimeshuka milima ya Uswisi kwa makalio!

Wakuu, niko Trient, kijiji cha Uswisi, magoti yamevimba kama maandazi. Naandika kabla hasira haijapoa.

Nililipa wakala (jina nalihifadhi, sitaki kesi) anipangie siku nne kwenye ile njia ya kuzunguka Mont Blanc, kilomita kama 170 kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi. Nilimweleza kila kitu: natembea peke yangu, kazi yangu ni ya kukaa ofisini, mlima pekee niliowahi kupanda ni Kilimanjaro. Akacheka. Eti aliyefika mita 5,895 atahangaika na nini huku?

Sasa sikieni. Kutoka Champex kuja Trient kuna njia mbili. Ya kawaida inapita malisho ya Bovine, inazidi mita 2,000 kidogo tu, unapishana na ng'ombe wenye kengele shingoni. Ya pili inavuka Fenêtre d'Arpette, mita 2,665. Fenêtre maana yake dirisha, na kweli ni tundu kwenye ukuta wa mawe. Huyu bwana kaniandikia hiyo ya pili, "ugumu: wastani, saa 5". Bovine hakuitaja kabisa! Nimeisikia leo jioni kwa wenzangu mezani, wao wameoga zamani.

Bonde la Arpette lenyewe ni zuri, siwezi kusema uongo. Msitu, kijito, nikawa hata namsifu wakala. Halafu msitu ukaisha, yakaanza majabali, mengine makubwa kama Hiace. Njia hakuna, kuna alama za rangi tu, nyeupe-nyekundu-nyeupe, unaruka jabali hadi jabali na begi la kilo 11 mgongoni. Karibu na dirisha nikakuta theluji. Juni hii! Viatu vinateleza, fimbo moja imepinda, nimetambaa kwa mikono. Ukivunjika mguu pale, helikopta si ya bure. Kama huna bima inayoilipia, bili ni yako.

Nikadhani juu ndiyo mwisho wa mateso. Kumbe kushuka ni zaidi ya mita 1,300, barafu ya Trient iko kushoto inang'aa, na mimi sina hata hamu ya kupiga picha. Saa tisa nzima badala ya tano.

Na hili la Kili linaniudhi kuliko yote. Kule mzigo wangu alibeba mpagazi, chakula kilipikwa, kiongozi kila dakika "pole pole", na tulipanda kwa siku kadhaa. Mita za juu peke yake zinakuambia nini kuhusu kuruka mawe peke yako?

Nimempigia. Kanijibu: "Njia ilikuwa wazi, na masharti ulisaini." Hela harudishi. Kesho kanipangia kuvuka Col de Balme kurudi Ufaransa. Avuke yeye, mimi napanda basi la Martigny.

Aliyewahi kumdai wakala wa namna hii akalipwa, anipe mbinu. Na wewe unayekuja kuandika "kwani Google huna?", tulia: nilimlipa euro 640 ili yeye ndiye atafute.